Throto ya umeme kwenye Toyota: pima kwanza, nunua baadaye

Taa ya injini imewaka, ukikanyaga mafuta gari linajikokota, na kwenye mlima mdogo tu linataka kuzimika. Ukizima ukawasha tena, huenda likakaa sawa kwa muda, kisha hali inarudi. Ukifika gereji unaambiwa throtobodi (kifaa kinachopitisha hewa kuingia kwenye injini) imekufa, kalete nyingine. Unakwenda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, unanunua iliyotumika kutoka Japani, inafungwa, na taa inabaki palepale. Hela imekwenda, na kosa halisi ni waya uliochubuka au fyuzi ya ampea 10.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kukwepa hasara hiyo. Nimeuandika kwa Toyota zenye mfumo wa throto ya umeme unaoitwa ETCS-i, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani kwetu: Vitz, Premio, Allion, RAV4 na nyingine nyingi za kuanzia miaka ya 2000. Gari la kampuni nyingine linafuata mantiki ileile, ila volti zake zitafute kwenye kitabu cha gari lenyewe.

Kwanza hakikisha gari lako kweli lina throto ya umeme. Fungua boneti, fuata bomba la hewa kutoka kwenye eakilina (kichujio cha hewa) hadi linapoingia kwenye injini. Kile kipande cha aluminiamu mwishoni ndicho throtobodi. Ikiwa imeshikwa na kebo ya chuma inayovutwa na pedeli, hiyo ni ya kizamani na mwongozo huu si wake, isipokuwa zile chache za mwanzo zilizokuwa na kebo na mota pamoja. Ikiwa hakuna kebo, bali soketi moja yenye waya sita, endelea.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya dijitali, kifaa cha kusoma kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa na gari, kinachoonyesha pia data hai, yaani vipimo vya sensa vya wakati huohuo (si kodi peke yake), pini mbili nyembamba, spana namba 10, tochi, na mtu wa kukukanyagia pedeli. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinafanya kazi kwenye gari nyingi, lakini baadhi ya gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani havizisomi vizuri. Ukiona kimegoma, tafuta fundi mwenye mashine kamili, usihitimishe kwamba kontroboksi (kompyuta ya injini) imekufa.

Ile taa ya balbu ya kupimia umeme iache kwenye boksi. Inavuta umeme mwingi kuliko waya za sensa zinavyostahimili, na inaweza kuharibu kontroboksi iliyokuwa nzima.

Elewa kinachotokea ndani

Pedeli ya mafuta haivuti kitu chochote. Ina sensa mbili zinazopeleka volti kwenye kontroboksi, kueleza mguu wako umekwenda chini kiasi gani. Kontroboksi inapiga hesabu zake, kisha inapeleka umeme kwenye mota iliyo pembeni ya throtobodi. Mota inazungusha gia, gia zinafungua kibati cha duara kinachopitisha hewa. Kwenye throtobodi nako kuna sensa mbili zinazorudisha taarifa: kibati kimefunguka kiasi gani.

Sensa ni mbili kila upande kwa ajili ya usalama. Kontroboksi inazilinganisha muda wote, na zikipingana haiziamini tena. Ikiwa kosa liko upande wa throtobodi, inakata umeme wa mota, na springi inarudisha kibati kwenye uwazi mdogo wa nyuzi kama 6 au 7. Hapo nguvu inaongozwa kwa kukatakata petroli na kubadilisha muda wa kuchoma, ili gari liweze kusogea polepole hadi mahali salama. Ndiyo maana unasikia injini inakwama na kuachia. Gari linajilinda.

Upande wa pedeli ni tofauti. Sensa moja ikifa, kontroboksi inatumia iliyobaki na kupunguza nguvu. Zikifa zote mbili, inachukulia kwamba mguu wako hauko kwenye pedeli kabisa, na injini inabaki kwenye sailensi (mzunguko wa chini wa gari lililosimama) tu, hata ukikanyaga mpaka chini.

Kumbuka pia kwamba hali hii ya kujilinda haiondoki mara tu kosa linapoisha. Kwenye Toyota inabaki hadi uzime swichi na kuwasha upya. Ukirekebisha waya huku swichi iko ON halafu ukaona hakuna mabadiliko, zima kwanza ndipo uamue.

Hatua ya kwanza: macho na maswali

Muulize mwenye gari, au ujiulize mwenyewe, nini kilitokea kabla ya tatizo kuanza. Injini ilioshwa kwa maji ya presha? Kuna fundi alifungua throtobodi? Gari lilikaa wiki kadhaa bila kuwashwa? Betri ilibadilishwa? Majibu haya yana thamani kubwa, na gereji nyingi hazimpi mteja nafasi ya kuyatoa.

Gari lililooshwa injini jana na leo lina kodi za throto, anza na soketi. Ichomoe, tazama kama kuna maji au ukijani kwenye pini, puliza kwa hewa kavu. Gari lililokaa limeegeshwa, tafuta panya: fuata waya kutoka kwenye soketi hadi unapoingia kwenye bomba la plastiki, ukipapasa kwa vidole na kumulika kwa tochi upande wa chini ambao hauonekani.

Tazama kapeti iliyo chini ya pedeli. Mwaka 2009 Toyota iliita magari mengi Marekani yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya kapeti za sakafuni zilizoweza kuibana pedeli ikiwa chini. Kwetu watu wanaweka kapeti mbili, moja juu ya nyingine, tena zisizofungwa. Toa ile ya juu kabla ya kutoa soketi yoyote.

Pima betri. Injini ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.5, na ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Umeme dhaifu unazaa kodi za ajabu ajabu zinazopotea betri ikichajiwa. Ukiwa hapo, kaza vichwa vya betri na eathi inayoingia kwenye injini.

Malizia na boksi la fyuzi chini ya boneti. Tafuta iliyoandikwa ETCS, kwa kawaida ni ya ampea 10. Itoe, itazame, na uipime kwa mita, kwa sababu ufa mwembamba hauonekani kwa macho.

Hatua ya pili: soma kodi, na usizifute

Andika kodi zote kwenye karatasi, pamoja na zile zinazosubiri kuthibitika. Kama mashine inaonyesha hali ya gari wakati kodi ilipoingia (joto, mzunguko wa injini, mwendo), ipige picha. Fundi anayefuta kodi kabla ya kuziandika amefuta ushahidi.

Kodi P0120, P0122, P0123, P0220, P0222, P0223 na P2135 zinahusu sensa mbili za throtobodi. Kodi P2120, P2122, P2123, P2125, P2127, P2128 na P2138 zinahusu sensa mbili za pedeli. P2102 na P2103 ni waya za mota, P2111 na P2112 ni kibati kilichokwama kikiwa wazi au kikiwa kimefungwa, P2118 ni umeme unaolisha mota, na P2119 ni kibati kisichofika kinapoagizwa.

Kodi inataja mzunguko wenye shida, yaani waya, soketi, sensa na kontroboksi kwa pamoja. Haitaji kifaa cha kununua. Anayeona P2135 na kuandika "throtobodi mpya" ameruka kazi yote iliyobaki.

Chukua hiyo P2135 yenyewe. Kwenye Toyota inaingia pale ishara mbili za throto zinapolingana karibu kabisa, tofauti ikiwa volti 0.02 au chini ya hapo, au zote mbili zinapoanguka chini kupita kiasi. Sensa hizi zimeundwa zisilingane kibati kikiwa kimefungwa: moja iko karibu na volti 0.7, nyingine iko juu ya 2. Zikitoa volti moja, jambo la kwanza la kushuku ni waya mbili kugusana mahali. Zikianguka zote, shuku volti 5 zinazozilisha zimepotea njiani. Hali zote hizo zinaweza kutokea throtobodi ikiwa nzima kabisa. P2138 upande wa pedeli ina mantiki hiyohiyo.

Soma kodi kwa makundi. P0122 na P0222 zikija pamoja, ishara zote mbili ziko chini: tafuta volti 5. P0123 na P0223 zikija pamoja, zote ziko juu: tafuta eathi ya sensa iliyokatika. Ni nadra sana sensa mbili kufa kwa wakati mmoja, lakini waya mmoja unaozilisha zote mbili ukikatika zinapotea pamoja. P2118 ikija peke yake, rudi kwenye fyuzi ya ETCS kabla ya kufanya lingine lolote.

Hatua ya tatu: tazama kibati na data hai

Legeza bomba la hewa ili uone kibati. Weka swichi ON bila kuwasha injini. Mwenzako akanyage pedeli polepole hadi mwisho na kuiachia polepole. Kibati kinatakiwa kufuata mguu bila kukwama wala kurukaruka. Usiingize kidole humo swichi ikiwa ON. Mota ina nguvu ya kutosha kukuumiza, na gari halikupi onyo.

Kibati kisiposogea, tazama data hai. Nafasi ya pedeli inapanda ukikanyaga? Ikipanda kwa ulaini na kibati kimetulia, pedeli haina kosa, nenda upande wa mota. Isipopanda, au ikipanda kwa kuruka, kosa liko kwenye pedeli au waya zake. Dakika mbili za kutazama hapa zinagawa kazi nzima katikati.

Fanya zoezi hili polepole sana. Sensa za zamani ni za kusuguana, na zikichakaa huwa na kipande kimoja kibovu, mara nyingi pale mguu unapokaa siku zote katika mwendo wa kawaida. Ukikanyaga haraka unaliruka bonde hilo bila kuliona.

Hatua ya nne: mita kwenye waya

Hapa ndipo penye jibu, na hapa ndipo wengi hawafiki.

Soketi ya throtobodi ina waya sita: M+ na M- za mota, VC inayoleta volti 5, E2 ambayo ni eathi ya sensa, na VTA1 na VTA2 ambazo ni ishara. Mpangilio wa pini unatofautiana kati ya injini na injini, hivyo tafuta mchoro wa gari lako. Usikisie kwa rangi ya waya.

Zima swichi, chomoa soketi, kisha weka ON. Pima VC na E2 upande wa waya zinazotoka kwenye kontroboksi. Unatakiwa kupata kati ya volti 4.5 na 5.5. Ukikosa, hamisha waya mweusi wa mita kutoka E2 kwenda kwenye bodi ya gari. Volti 5 zikitokea sasa, VC ni nzima na E2 ndiyo iliyokatika. Zisipotokea, VC ndiyo yenye shida.

Kuna hali moja inayowatesa mafundi wengi. Gari halitaki kuwasiliana na mashine kabisa, hata taa ya injini haiwaki swichi ikiwa ON, na watu wanaanza kuulizia kontroboksi. Kwenye Toyota nyingi, VC ikigusana na eathi popote inaweza kuleta hali hiyo. Chomoa soketi ya throtobodi. Taa ya injini ikirudi, sensa ya throtobodi ndiyo inayoangusha umeme. Isiporudi, chomoa pedeli, kisha sensa nyingine zinazotumia volti 5, moja baada ya nyingine, ukitazama taa. Itakaporudi, umepata mkosaji bila kutumia hata senti.

VC na E2 zikiwa sawa, zima swichi, rudisha soketi, weka tena ON, na upime ishara kwa kuingiza pini nyuma ya soketi, sambamba na waya. Usitoboe ngozi ya waya: tundu dogo la leo ni kutu ya kesho kutwa. Pedeli ikiwa imeachiwa, VTA1 iwe kati ya 0.5 na 1.1, na VTA2 kati ya 2.1 na 3.1. Pedeli ikiwa chini kabisa, VTA1 ipande hadi kati ya 3.2 na 4.8, na VTA2 kati ya 4.6 na 5.0. Kwenye pedeli, ambako ishara mbili zinaitwa VPA na VPA2, VPA iwe 0.5 hadi 1.1 ikiwa imeachiwa na 2.6 hadi 4.5 ikikanyagwa, VPA2 iwe 1.2 hadi 2.0 na ipande hadi kati ya 3.4 na 4.75. Injini moja na nyingine hupishana kidogo kwenye desimali.

Sasa acha mita imeunganishwa, pedeli ikiwa imeachiwa, na utikise waya. Anza pale waya unapotoka kwenye soketi, bonyeza, vuta kidogo, kunja. Sogea hatua kwa hatua hadi unapopita kwenye kona ya injini. Mtetemo unamaliza waya kwenye kona na kwenye vishikizo. Volti ikiruka kutoka 0.7 kwenda 0 hata kwa sekunde moja, simama hapo, fungua utepe, na utaona nyuzi za shaba zimekatika ndani ya ngozi inayoonekana nzima kwa nje.

Ukishuku waya fulani, zima swichi, toa waya hasi wa betri, chomoa pande zote mbili, yaani soketi ya kifaa na ile ya kontroboksi, kisha pima kutoka mwisho hadi mwisho. Waya mzima unaonyesha chini ya omu 1. Kati ya waya huo na mwingine wowote, au kati yake na bodi, iwe kilo-omu 10 au zaidi.

Usipime omu kwenye sensa zenyewe kama ni za sumaku, ambazo ndizo zilizomo kwenye gari nyingi za karibuni. Hazina njia ya kusuguana, kwa hiyo omu hazikuelezi chochote. Kinachoaminika ni volti.

Hatua ya tano: mota

Swichi ikiwa imezimwa na soketi imechomolewa, pima omu kati ya M+ na M- upande wa throtobodi. Toyota inaruhusu kuanzia 0.3 hadi 100 katika joto la nyuzi 20. Ukipata njia iliyokatika kabisa, hapo kweli throtobodi imekufa. Usiijaribu mota kwa kuipelekea volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kontroboksi inaipelekea umeme kwa vipande vipande, na ukiipa wote kwa mkupuo inapiga kibati ukutani na kuweza kuvunja gia.

Hatua ya sita: usafi, kisha kujifunza upya

Uchafu mweusi ukingoni mwa kibati kwa kawaida unaleta sailensi inayopanda na kushuka, au gari kuzima unaposimama kwenye taa. Ukizidi unaweza kukwamisha kibati na kuleta P2111, P2112 au P2119. Hautaleta P2122. Kusafisha throtobodi kwa sababu ya kodi ya pedeli ni kupoteza muda.

Toa waya hasi wa betri, fungua bolti za namba 10, itoe throtobodi. Pulizia dawa kwenye kitambaa na ufute, usiijaze dawa ikapenya upande wa mota na sensa. Usikilazimishe kibati kwa bisibisi. Tazama gasketi wakati wa kurudisha, kwani hewa inayopenya pembeni inapandisha sailensi na utarudi kutafuta kosa ulilolitengeneza mwenyewe.

Baada ya kusafisha, kontroboksi bado inakumbuka kibati kichafu, hivyo sailensi inaweza kupanda. Kwenye Toyota, waya hasi ukae nje kwa dakika moja au zaidi, urudishe, weka ON bila kugusa pedeli, kisha washa na uache injini ipate moto ikiwa imesimama.

Nissan inadai zaidi, na ndiyo inayorudishwa gereji mara nyingi baada ya kusafishwa. Injini iwe na moto, taa na AC zimezimwa, usukani umenyooka, gia kwenye P. Zima, subiri sekunde 10. Weka ON, subiri 3. Ndani ya sekunde 5 zinazofuata kanyaga na kuachia pedeli yote mara tano. Subiri 7, kanyaga hadi chini na ushikilie, kama sekunde 20, hadi taa ya injini iache kupepesa na ikae imewaka. Achia ndani ya sekunde 3, washa injini, iache kwenye sailensi kwa sekunde 20. Muda ni mkali, tumia saa.

Ukilazimika kununua

Nunua pale tu vipimo vya waya vyote vimekuwa sawa na ishara au mota ndiyo iliyokataa. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye kifaa cha zamani, linganisha soketi, idadi ya pini na kipenyo cha tundu. Sogeza kibati taratibu kwa kidole, ikiwa mezani haina umeme: kirudi chenyewe, bila mikwaruzo. Pedeli inunuliwe nzima na isifunguliwe.

Ukishafunga, futa kodi, zima, washa. Endesha barabara yenye mlima na foleni, kisha rudi usome tena, ukitazama kodi zinazosubiri hata kama taa haijawaka. Kukiwa na hata moja, rudi kwenye soketi uliyoigusa mwisho.